Flashi moja, mpaka mmoja, sheria mbili

RUBAVU – Asubuhi pale Petite Barrière, mpaka mdogo unaotenganisha Gisenyi na Goma, mizigo yote iko wazi. Karoti na nyanya ziko kwenye mabeseni kichwani, viazi viko kwenye magunia, sambaza wa Ziwa Kivu wamefunikwa kwa kitambaa, maziwa yamo ndani ya madumu. Afisa wa forodha akitupa jicho mara moja anajua anachokikagua, na mama mwenye beseni anajua anachotakiwa kulipa.

Mzigo mmoja tu hauonekani. Umo mfukoni, umefungwa pamoja na funguo, au umechomekwa ndani ya simu. Ni flashi au kadi ya kumbukumbu, na ndani yake mna nyimbo za Goma na Kinshasa, filamu za Marekani na India zilizosimuliwa kwa Kinyarwanda, mahubiri, vichekesho, na mara nyingine programu za kompyuta zilizovunjwa kufuli. Mzigo huo huvuka kwenda na kurudi bila karatasi yoyote. Hauna uzito kwenye mizani, lakini kuna watu wanaopata chakula cha siku kwa ajili yake pande zote mbili za mpaka.

Mali iliyomo ndani yake ni ya nani? Ni ya msanii aliyetunga, ya kijana aliyeisimulia upya, ya mwenye kibanda aliyeinakili, au ya mteja aliyelipa? Nchi za ukanda huu zimeandika sheria kujibu maswali hayo. Tatizo ni kwamba sheria zinamweleza mfanyabiashara mdogo kilichokatazwa, lakini hazimwonyeshi dirisha la kulipia kilicho halali.

Kofia tatu kichwa kimoja

Vibanda vya kujaza nyimbo na filamu ni sehemu ya kawaida ya soko katika miji ya mipakani. Mtaji wake ni kompyuta moja, spika, waya za simu na orodha ya kazi mpya iliyobandikwa ukutani. Mteja huja na simu yake, huagiza kama anavyoagiza sukari: “Mwanangu, nijazie za harusi, GB nne, usinipe za zamani.” Kijana hujibu, “Sawa mama,” na baada ya dakika kumi kazi imekwisha.

Si kwamba wateja hawa wanapenda wizi. Wengi hawana kadi ya benki ya kulipia huduma za nje. Bando la intaneti huisha kabla filamu haijafika nusu. Kijijini mtandao hukatika. Kibanda kimetatua matatizo hayo yote kwa sarafu chache: kazi iko tayari, iko kwa lugha inayoeleweka, na inachezwa bila intaneti. Kwa lugha ya biashara, kibanda kimeona hitaji ambalo kampuni kubwa hazikuliona, kikalihudumia.

Ndiyo maana mwenye kibanda huvaa kofia tatu kwa wakati mmoja. Ni mtumiaji wa kazi za wengine. Ni mbunifu pia, kwa sababu huchagua, hupanga, huchanganya nyimbo na wakati mwingine hutengeneza matangazo ya sauti kwa maduka ya jirani. Na mbele ya sheria ni mvunja hakimiliki, kwa kuwa kunakili kazi ya mtu kwa ajili ya kuuza bila ruhusa ni kosa Rwanda na ni kosa Kongo.

Upande wa pili yuko msanii. Mwanamuziki wa Goma au wa Rubavu hulipia studio, mpiga picha wa video na usafiri wa redioni. Wimbo ukipendwa, utasikika kwenye kila kibanda kuanzia Birere hadi soko la Gisenyi, na huenda yeye asipate hata nauli ya kurudi nyumbani. Umaarufu wake unamletea mialiko ya harusi na matamasha, ndiyo, lakini wimbo wenyewe umegeuka bidhaa inayowalipa wote isipokuwa aliyeutunga.

Darasa la agasobanuye

Hakuna biashara inayoonyesha ugumu wa jambo hili kama agasobanuye. Neno hilo la Kinyarwanda linatokana na kitendo cha kueleza au kufafanua. Msimulizi huchukua filamu ya kigeni, hupunguza sauti ya wahusika, kisha huieleza kwa Kinyarwanda huku akitia utani, methali na majina ya mitaa ya nyumbani. Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga na aliyefariki mwaka 2022, ni miongoni mwa waliolifanya neno agasobanuye kujulikana kila nyumba nchini Rwanda.

Sanaa hii si ya Rwanda peke yake. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu kwa Kiswahili. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina wasimulizi wanaoitwa ma-VJ, ambao sauti zao huwavuta watu kwenye vibanda vya filamu kuliko majina ya waigizaji wenyewe.

Sheria inaitazama sanaa hiyo kwa macho mawili. Mkataba wa Berne, ambao ndio msingi wa hakimiliki duniani, unampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza tafsiri ya kazi yake. Kwa hiyo kusimulia filamu ya Hollywood na kuiuza bila idhini ni kuingilia haki ya mwenye filamu. Lakini mkataba huohuo unasema tafsiri na marekebisho ya kazi hulindwa kama kazi zinazojitegemea, bila kupunguza haki za mwenye kazi ya asili. Maana yake ni kwamba maneno, utani na ubunifu wa msimulizi ni vyake, na mtu wa tatu akiinakili sauti hiyo na kuiuza, msimulizi naye ameibiwa.

Basi mtu mmoja anaweza kuwa mdaiwa asubuhi na mdai jioni. Akifunga kibanda cha jirani kwa kudai hakimiliki ya sauti yake, atakuwa amemfundisha mwenye filamu namna ya kumfunga yeye. Na mwenye filamu naye, akiwafunga wasimulizi wote, atakuwa ameua soko la lugha ambalo hakuwahi kujisumbua kulihudumia. Njia ya tatu ipo: msimulizi apewe leseni ya lugha, mwenye filamu apate sehemu ya mapato, na kibanda kiuze nakala iliyolipiwa. Njia hiyo ndiyo inayokosa mjenzi.

Sheria mbili, mita chache

Upande wa Rwanda, sheria inayotawala ni Sheria Na. 055/2024 ya tarehe 20 Juni 2024 kuhusu ulinzi wa mali ya ubunifu. Ilichukua nafasi ya sheria Na. 31/2009 ya mwaka 2009. Usajili wa kazi hufanywa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, na ukusanyaji wa mirabaha ya wasanii uko chini ya chama cha waandishi na watunzi, RSAU.

Upande wa Kongo, hakimiliki bado inaongozwa na sheria Na. 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, iliyoandikwa enzi ya kaseti. Miaka 37 baadaye, tarehe 13 Machi 2023, nchi hiyo ilipata Kanuni ya Dijitali inayosimamia biashara na huduma za mtandaoni. Chama cha kukusanya mirabaha huko ni SOCODA, chenye makao Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma. Na tangu kundi la M23 lilipoichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, umbali kati ya mji huo na ofisi za Kinshasa si wa kilomita tu.

Nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne: Kongo tangu 1963, Rwanda tangu 1984. Uanachama huo una mambo matatu ambayo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuyajua kama anavyojua bei ya dola.

La kwanza, kazi ya mgeni inalindwa kama kazi ya mwenyeji. Wimbo wa msanii wa Goma ukiuzwa Gisenyi, msanii huyo ana haki ileile ambayo angekuwa nayo msanii wa Kigali. Kusema “huu ni wa ng’ambo” si kinga.

La pili, sheria inayotumika ni ya mahali kazi inapotumiwa. Flashi ikiwa Gisenyi iko chini ya sheria ya Rwanda. Ikivuka mita chache hadi Birere, iko chini ya sheria ya Kongo. Ruhusa uliyopata ya kuuza upande mmoja haikupi ruhusa upande wa pili, mpaka iandikwe hivyo.

La tatu, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi. Msanii hahitaji kujisajili ndipo alindwe. Usajili husaidia kuthibitisha tarehe na umiliki mbele ya mahakama, lakini kukosa cheti hakumaanishi kazi ni ya bure.

Na mpakani je? Hapa kuna hofu nyingi kuliko inavyostahili. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakataza kuingiza bidhaa bandia za aina zote. Hata hivyo mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaosimamia mali ya ubunifu katika biashara, unaziruhusu nchi kutowasumbua wasafiri kwa vitu vichache visivyo vya biashara vilivyomo kwenye mizigo yao binafsi. Nyimbo zilizo kwenye simu yako kwa kusikiliza mwenyewe ni jambo moja. Flashi 200 zilizojazwa filamu ileile na kufungwa kwa raba ni jambo jingine kabisa.

Haki ya anayetumia

Mara nyingi mjadala wa hakimiliki huendeshwa kana kwamba kuna pande mbili tu, msanii na mwizi. Sheria zenyewe hazisemi hivyo. Mkataba wa Berne unaruhusu kunukuu sehemu ya kazi kwa kiasi kinachofaa, na unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu kunakili katika hali maalumu, mradi unakili huo usigongane na matumizi ya kawaida ya kazi na usimwumize mwenye haki bila sababu. Mwalimu, mwandishi wa habari na mtafiti wote wanaishi ndani ya nafasi hiyo.

Kuna pia nafasi ya wakati. TRIPS imezipa nchi zenye maendeleo duni zaidi muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutimiza sehemu kubwa ya masharti yake. Rwanda, Kongo, Uganda, Tanzania na Burundi zimo katika kundi hilo. Serikali hizi hazijafungwa mikono. Zinaweza kuandika misamaha inayolingana na soko la mama wa Mbugangari, badala ya kunakili sheria iliyoandikwa kwa ajili ya soko la London.

Swali gumu zaidi ni la nakala binafsi. Mtu aliyenunua wimbo akiuhamishia kwenye simu ya pili, ni kosa? Ujerumani ilijibu swali hilo mwaka 1965 kwa njia ya kibiashara: iliacha watu wanakili kwa matumizi yao, ikaweka tozo kwenye vifaa vya kunakilia, na fedha zikaenda kwa wenye kazi. Burkina Faso nayo ilifuata njia ya tozo ya nakala binafsi. Tanzania, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, ilileta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kunakili au kuhifadhi kazi za sanaa.

Kwa mfanyabiashara anayeleta vifaa kutoka Dar es Salaam au Dubai, tozo kama hiyo ni gharama inayoingia kwenye bei ya kadi na flashi. Ina uzuri wake: inakusanywa mara moja bandarini, haihitaji polisi kupekua simu za watu. Ina ubaya wake pia. Muuza viazi anayehifadhi picha za familia analipa sawa na anayejaza filamu 300. Na kama fedha hazigawanywi kwa uwazi, msanii hataiona tofauti. Jambo moja ni muhimu kukumbuka: tozo ya nakala binafsi hailipii biashara. Kununua flashi iliyotozwa hakukupi leseni ya kuijaza na kuiuza.

Wazo si shamba

Hakimiliki ikiwa legelege, msanii anakufa njaa. Ikikaza kupita kiasi, mbunifu anayefuata hana pa kusimama. Kenya ina kesi mbili zinazosaidia kuona mpaka huo.

Mwaka 2012 Faulu Kenya ilikwenda Mahakama Kuu ikidai kwamba huduma ya M-Shwari ya Safaricom ilichukua wazo la huduma yake ya mikopo ya simu, Kopa Chapaa. Mahakama ilikataa kutoa zuio. Kanuni iliyosimama ni ile ya siku zote: hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa au lilivyotekelezwa, haimpi mtu umiliki wa wazo lenyewe. Kijana wa Rubavu anayetaka kuunda programu ya kuunganisha wauzaji wa sambaza na wanunuzi wa Goma hazuiliwi na mtu aliyetangulia kulifikiria. Anazuiliwa kunakili msimbo wa mwenzake, picha zake na maandishi yake.

Kesi ya pili iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 29 Septemba 2014, wakati nchi ikihamia matangazo ya dijitali. Vyombo vya habari vya Royal Media, Nation na Standard vililalamika kwamba StarTimes na GOtv zilikuwa zikirusha vituo vyao bila ruhusa. Mahakama ilikubali kwamba kubeba matangazo hayo ya bure chini ya kanuni iliyowataka wasambazaji wayabebe, kwa manufaa ya watazamaji, hakukuwa uvunjaji wa hakimiliki. Haki ya mwenye kazi iliwekwa kwenye mizani pamoja na haki ya mwananchi kupata habari.

Mwaka 2019 Kenya ilirekebisha tena sheria yake na kuweka utaratibu wa kuondoa kazi mtandaoni. Mwenye haki akituma taarifa iliyokamilika, mtoa huduma wa intaneti anatakiwa kuiondoa kazi husika ndani ya saa 48 za kazi. Lakini sheria hiyo pia inamfanya anayetuma taarifa ya uongo kwa nia mbaya kuwa mkosaji. Kipengele hicho cha pili ndicho kinachowahusu zaidi wafanyabiashara wadogo. Duka linaloishi kwa ukurasa wa TikTok au Facebook likifungiwa kwa malalamiko ya mshindani mwenye wivu, siku tatu bila ukurasa ni siku tatu bila wateja. Kila utaratibu wa kuondoa kazi unahitaji mlango wa kukata rufaa, tena ulio karibu na wenye lugha inayoeleweka.

Dirisha lisilokuwapo

Mfanyabiashara wa Rubavu akitaka kuingiza maziwa Goma, anajua aende dirisha gani. Kuna karatasi, kuna ada, kuna muhuri. Akitaka kuuza kihalali nyimbo 500 za wasanii wa pande zote mbili, haoni dirisha kama hilo pale mpakani. RSAU iko upande huu, SOCODA iko Kinshasa, wenye filamu wako Los Angeles na Mumbai, na msimulizi yuko Kigali. Leseni za kampuni kubwa zimeandikwa kwa ajili ya televisheni na hoteli. Hakuna anayeuza leseni ya ukubwa wa kibanda.

Hapo ndipo mizani inapoharibika. Sheria isiyo na leseni inayonunulika haimgeuzi mwizi kuwa mteja. Inamgeuza kila mteja kuwa mwizi, kisha inamwachia askari wa zamu aamue nani akamatwe leo. Katika hali hiyo anayenufaika si msanii. Ni yule anayejua kutoa kitu kidogo ili aachwe.

Vipande vya suluhisho vipo, vimetawanyika. Huduma za kutuma fedha kwa simu zimezoeleka kiasi kwamba mteja hulipa nyanya kwa simu, kwa hiyo kulipa ada ndogo ya wiki au mwezi kwa leseni ya kibanda si jambo la ajabu. Rwanda ni mwanachama wa ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la kanda lenye makao Harare, ambalo mwaka 2021 lilipitisha Itifaki ya Kampala kuhusu usajili wa hiari wa hakimiliki. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Februari 2023 itifaki ya mali ya ubunifu chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika. Lakini Kongo, iliyokamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, si mwanachama wa ARIPO. Soko limeungana, rejesta hazijaungana.

Kinachohitajika si kikubwa kama mkataba mpya. Vyama viwili vya kukusanya mirabaha vikiandikiana makubaliano ya kuwakilishana, kama vyama vya namna hiyo vifanyavyo kwingineko duniani, kibanda cha Gisenyi kingeweza kulipa mara moja na sehemu ya fedha ikavuka kwenda kwa msanii wa Goma, na cha Goma vivyo hivyo. Bei ikiwa ndogo na risiti ikiheshimiwa na polisi wa pande zote mbili, vijana wengi wangelipa, kwa sababu amani ya kufungua kibanda bila kuchungulia barabarani nayo ina thamani.

Mfanyabiashara naye ni mwenye mali

Wafanyabiashara wengi husikia neno hakimiliki wakifikiri linawahusu wanamuziki. Wanasahau kilichomo kwenye simu zao wenyewe. Picha ya kitenge uliyoipiga vizuri kwenye mwanga wa asubuhi na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ni kazi yenye hakimiliki. Tangazo la sauti ulilotunga, mchoro wa nembo ya unga wako, video fupi ya kuonyesha namna ya kukaanga sambaza, vyote vinalindwa tangu vilipotengenezwa.

Mshindani akichukua picha yako na kuuzia nguo hafifu kwa bei ya chini, mteja akidanganyika atakulaumu wewe. Siku hiyo mfanyabiashara aliyekuwa akisema “ya mtandaoni ni ya wote” hutafuta sheria. Mizani hii inatupima sote, na anayeibonyeza upande mmoja leo, kesho hujikuta amekaa upande wa pili.

Ya kufanya kabla ya kuvuka

Wakati serikali zikijadiliana, kuna hatua ambazo mfanyabiashara anaweza kuzichukua sasa.

Ukicheza muziki dukani, saluni, hotelini au kwenye basi, hayo ni matumizi ya hadharani, hata kama wimbo uliununua. Uliza chama cha mirabaha ada ya biashara ya ukubwa wako, na utunze risiti.

Ukiuza kazi za wasanii wa nyumbani, zungumza nao moja kwa moja. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha kuanzia: kazi zipi, muda gani, mgao wa kila upande, na kama ruhusa inahusu Rwanda, Kongo au kote kuwili. Wasanii wengi wachanga wanatamani msambazaji mwaminifu kuliko kesi.

Kwa kompyuta ya ofisi, achana na programu zilizovunjwa kufuli. Mbali na sheria, nyingi hubeba virusi vinavyoweza kuiba nywila za simu na benki. Programu huria kama LibreOffice na mfumo wa Linux ni halali, ni za bure, na zinatosha kwa hesabu za duka.

Tafuta kazi zenye leseni huria. Leseni za Creative Commons, zilizoanza mwaka 2002, humwezesha mtunzi kutangaza mapema kile anachoruhusu. Mradi wa African Storybook, kwa mfano, una hadithi za watoto kwa Kiswahili, Kinyarwanda na lugha nyingine nyingi za Afrika. Soma masharti ya kila kazi: baadhi zinaruhusu hata kuuza mradi umtaje mtunzi, nyingine zinakataza biashara.

Na kwa kazi zako mwenyewe, hifadhi faili za asili zenye tarehe, weka jina la duka juu ya picha, na kama kazi ina thamani kubwa, isajili RDB.

Jioni mpakani, mabeseni hurudi yakiwa matupu na magunia yakiwa yamekunjwa kwapani. Viazi vimekwisha, na kesho vitalazimika kuchimbwa vingine. Flashi inarudi ikiwa imejaa vilevile, ingawa imeuzwa mara 40 kwa siku moja. Hiyo ndiyo faida ya bidhaa hii, na ndiyo sababu ni rahisi kusahau kwamba nayo ilichimbwa na mtu. Mkulima wa viazi analipwa kabla gunia halijavuka. Mtunzi wa wimbo bado anangoja dirisha lifunguliwe, na mwenye kibanda, akiwa na sarafu mkononi, anangoja dirisha hilohilo.